Mbwa Asiyebweka



Juma hili tunajibu swali la mwanafunzi mmoja wa Butembo. Katika kitabu cha picha alimwona Milou, yule mbwa mdogo mweupe, rafiki wa Tintin, naye akatuuliza mambo mawili. Kwanza, mbwa yule ni wa ukoo gani? Pili, mbona sisi watu wa Kongo hatuna mbwa wenye ukoo na jina, ila tuna mbwa wa kienyeji tu? Swali la kwanza ni jepesi. La pili linagusa moyo, na jibu lake litawashangaza wengi, kwa maana mbwa wa Kongo anajulikana mbali sana, isipokuwa kwao.

Tuanze na Milou. Yeye ni wa jamii ya mbwa waitwao terieri. Jina hilo latoka katika neno la Kilatini terra, maana yake ardhi. Wanafunzi wetu hulijua katika Kifaransa, terre. Mbwa hao walifugwa tangu zamani katika visiwa vya Uingereza na Ireland kwa kazi moja hasa: kuingia katika mashimo ya ardhini na kuwatoa mbweha na wanyama wengine waharibifu, tena kuua panya. Daktari Mwingereza John Caius aliwataja katika kitabu cha Kilatini juu ya mbwa wa nchi yake, kilichotolewa mwaka 1570. Kazi yao basi ni ya kale, ingawa koo nyingi tuzijuazo leo zilipangwa na kupewa majina katika karne ya 19.

Mfikirieni mbwa huyo akiwa kazini. Yeye ni mdogo, apate kupita shimoni. Ni shujaa kupita kimo chake, kwa sababu chini ya udongo, katika giza, hana bwana wa kumsaidia. Na zaidi ya hayo ana sauti kali. Akimkuta mbweha ndani, hubweka bila kuchoka, na wawindaji walio juu huifuata sauti ile, wakajua mahali pa kuchimba. Sauti yake ndiyo usalama wake.

Namna za terieri ni nyingi. Shirika la mbwa la kimataifa liitwalo FCI, lililoanzishwa mwaka 1911 na lenye makao yake Ubelgiji, linahesabu koo zaidi ya 30, nalo limezigawa katika mafungu manne. Katika fungu la wakubwa na wa kadiri yumo Airedale, jitu la jamii hiyo, ambaye kimo chake begani hufika sentimita 60 hivi. Huyo alitoka katika bonde la mto Aire, na katika Vita Kuu ya Kwanza alichukua barua za askari katikati ya risasi. Milou naye yumo katika fungu hilo. Ukoo wake ni fox terrier mwenye manyoya magumu. Fungu la pili ni la wadogo, kama yule wa Scotland mwenye ndevu na miguu mifupi. La tatu ni la wenye vifua vipana, waliozaliwa kwa kuchanganya terieri na mbwa waliopiganishwa na mafahali. La nne ni la wadogo kabisa, wa kupakatwa. Humo yumo terieri wa Yorkshire, asiyezidi kilo tatu na kitu, ambaye leo hufungwa utepe kichwani. Lakini babu zake walikuwa mbwa wa wafuma nguo maskini, wakikamata panya viwandani.

Hata mchungaji mmoja wa Kianglikana, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1883, aliacha jina lake katika jamii hii. Mwaka 1819, alipokuwa mwanafunzi wa Oxford, alimnunua kwa muuza maziwa mbwa jike aitwaye Trump. Kutokana na mbwa huyo aliendeleza ukoo ambao hadi leo huitwa kwa jina lake.

Ndiyo asili ya terieri, wasomaji. Hawakuanzia katika majumba ya wafalme. Walianzia kwa wakulima, wachimba makaa na wauza maziwa, na kila bonde lilimfanya mbwa wake kwa kadiri ya kazi yake. Baadaye tu walikuja watu wenye vitabu na mizani, wakawaandika.

Sasa tuje kwetu. Ukitoka Butembo, mji wetu wa milima na baridi, ukishuka kilomita 54 mpaka Beni, kisha ukashika njia ya Mangina kuelekea Mambasa, unaingia katika msitu mkubwa wa Ituri. Huko Wambuti tangu zamani huwinda kwa nyavu, na mbwa ni wenzao katika kazi hiyo. Mbwa mwenyewe ni mwepesi, kimo chake begani sentimita 40 na kidogo, uzito wake kilo 10 hivi. Manyoya yake ni mafupi, mara nyingi mekundu au meusi, na miguu, kifua na ncha ya mkia ni nyeupe. Masikio yamesimama, kipaji kimekunjamana kama cha mzee anayefikiri, na mkia umejisokota juu ya mgongo. Hujilamba kama paka. Jike lake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ambapo mbwa wengine hupata mara mbili.

Tena habweki! Si kwamba yu bubu, kwa sababu hulia, hunguruma, na akifurahi hutoa sauti iliyo kama wimbo. Lakini ule mbweko wa mfululizo wa mbwa wengine hana. Kwa hiyo wawindaji humfunga shingoni kengele ya mti. Akikimbia kichakani, kengele yake huwaambia watu mahali alipo, tena humshtua mboloko aliyejificha na kumsukuma wavuni. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Wazande na Wamangbetu, kaskazini ya msitu huo, akawaona mbwa wadogo wenye mkia wa kujisokota na kengele za mti shingoni, akaandika habari zao.

Linganisheni basi mbwa hawa wawili. Mwingereza hupewa sauti, apate kusikika chini ya ardhi. Mkongo hupewa kengele, apate kusikika ndani ya majani. Kila mmoja anatosha kwa kazi yake, wala hakuna aliye bora kuliko mwenzake.

Wazungu walipomwona mbwa wetu, walimtafutia jina. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London, katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, nao wakaitwa "terieri wa Kongo". Jina hilo halikuwa sahihi, kwa kuwa huyu haingii mashimoni wala si wa damu ya terieri. Lakini watu humwita mgeni kwa jina la yule wanayemjua. Wale wawili hawakuishi sana, waliuawa na distempa, ugonjwa mkali wa mbwa. Mwaka 1923 bibi mmoja Mwingereza, Helen Nutting, alichukua wengine sita kutoka Sudani, nao pia wakafa. Hatimaye Bibi Olivia Burn alileta wengine kutoka Kongo, na alipowaonyesha Crufts mwaka 1937 watu walisongamana kumtazama mbwa asiyebweka.

Bibi huyo ndiye aliyeeneza jina ambalo mbwa anaitwa kwalo duniani hadi leo: basenji. Wasomaji wetu hawahitaji mkalimani. Wazee wanakumbuka vizuri neno hilo lilivyotumika wakati wa Wabelgiji, na kwa bahati mbaya hata baadaye, midomoni mwa watu wa mjini waliowadharau ndugu zao wa vijijini. Ni neno lile lile la Kiswahili, washenzi. Mbwa alichukuliwa pamoja na tusi la wenyeji wake, na tusi likageuka jina la heshima katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Katika kitabu cha FCI hahesabiwi tena pamoja na terieri, bali katika fungu la mbwa wa asili. Hapo imeandikwa kwamba nchi yake ni Afrika ya Kati, na msimamizi wake ni Uingereza.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mbwa wa Ulaya na Marekani walikuwa wametoka kwa wazazi wachache mno. Ndugu walizaa na ndugu, na magonjwa ya kurithi yakaenea, kwanza upungufu wa damu, kisha ugonjwa wa figo. Wafugaji wakaona kwamba ukoo unaharibika. Basi katika miaka ya 1987 na 1988 Wamarekani kadhaa walisafiri mpaka kaskazini-mashariki ya nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire, wakazunguka vijijini kutafuta mbwa wapya. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kilikubali kuwaandika wachache wao kitabuni. Ndivyo ilivyokuwa: watu wenye vitabu walirudi kuomba damu kwa mwanakijiji asiye na kitabu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitunza. Na mwaka 2021 wataalamu waliosoma urithi wa damu ya basenji walimweka karibu na shina la mti wa jamii ya mbwa wote.

Kumbe tulikuwa na mali nyumbani, tukaiita takataka! Hatusemi kwamba kila mbwa apitaye sokoni Butembo ni basenji. Barabara inapofika, mbwa wa mjini hufika nayo, na damu huchanganyika. Tena tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi katika vijiji na katika msitu. Mtu anayekimbia usiku hushika mtoto wake. Mbwa humfuata akiweza. Siku nyingine wageni wakija tena kutafuta mbwa huyo, watamkuta nani? Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wazee, na neno hilo si la watu tu.

Tutafanya nini basi? Hatuwaiti watu kwenda kuwinda ovyo, maana Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, inalindwa na sheria. Tunaomba mambo madogo. Mwenye mbwa na amlishe, asimwache azurure jalalani. Watoto wasimpige mawe kwa mchezo. Na kila mwaka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwani karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliupata kwa mbwa, nao ukishaonyesha dalili hakuna dawa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya siku ile ile. Nanyi vijana mnaopenda wanyama, kumbukeni kwamba hapa Butembo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, hufundisha utabibu wa wanyama. Pengine mmoja wenu ndiye atakayeandika kitabu cha mbwa wetu, kwa jina ambalo si tusi.

Tunamalizia kwa mbwa mmoja wa Maandiko Matakatifu. Tobia alipotoka kwa baba yake kwenda nchi ya mbali, Malaika Rafaeli alifuatana naye, na mbwa akawafuata; waliporudi, mbwa alikuwa pamoja nao. Hatuambiwi jina lake, wala ukoo wake, wala kama alibweka. Tunaambiwa tu kwamba alikwenda pamoja nao, akarudi pamoja nao.