Kuachilia si Kuzima Moyo

Ubudha una wapinzani wanaoukataa na mashabiki wanaousifu, na mara nyingi wote wanazungumzia kitu ambacho Budha hakukifundisha. Haya hapa madai manne, na majibu yake kutoka katika maandiko ya Kipali.

Dai la kwanza: Budha alisema mtu hayupo. Hakusema hivyo. Mzururaji wa kidini aitwaye Vacchagotta alimuuliza waziwazi kama nafsi ipo, akanyamaza. Akauliza, basi haipo? Akanyamaza vilevile. Baadaye alimweleza mwanafunzi wake Ananda kwamba jibu la "ipo" lingewapa nguvu wanaodai nafsi ni ya milele, na la "haipo" lingezidi kumvuruga muulizaji. Alichofundisha huko Isipatana, karibu na Varanasi, ni kukagua mambo matano: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu. Yote yanabadilika, wala hayatii amri yetu. Basi lipi kati yake tuliite nafsi?

Dai la pili: pasipo nafsi ya kudumu, hakuna wa kuwajibika. Mwulizeni Angulimala. Aliua watu wengi kabla ya kuingia utawa, na hata baada ya kuongoka alirudi kutoka kuomba chakula akivuja damu kwa mawe na magongo aliyopigwa na watu. Budha alimwambia avumilie, kwa kuwa anavuna alichopanda. Deni halikufutwa. Lakini kama uuaji ungekuwa kiini chake kisichobadilika, asingeweza kamwe kuwa mtawa.

Dai la tatu: Mbudha mwema hana hisia. Hapa ndipo upotoshaji ulipokithiri. Budha alifananisha maumivu na mishale miwili: wa kwanza humchoma kila mtu, mwenye hekima na mjinga, wa pili ni majonzi na hasira tunazojichoma nazo wenyewe. Wa kwanza hakuahidi kuuondoa katika maisha haya. Budha alipokuwa akikaribia kufa huko Kusinara, Ananda alijitenga akalia. Budha alimwita, akamwambia aache majonzi kwa kuwa kila tukipendacho tutatengana nacho, kisha akamsifu kwa kumhudumia miaka mingi kwa upendo. Upendo ulisifiwa, kilicholegezwa ni kung'ang'ania. Katika karne ya 5, Buddhaghosa, mfafanuzi wa maandiko hayo ya Kipali, alionya kwamba kutojali kwa mtu asiyeelewa ni adui wa karibu wa utulivu wa moyo, kwa sababu kwa nje vinafanana.

Dai la nne: kuachilia ni kutupa familia na mali. Ni kweli, Siddhattha, yaani Budha kabla ya kuwa Budha, alimwacha mke na mwanawe Rahula, na watawa huacha nyumba zao. Lakini Anathapindika, aliyetoa bustani ya Jetavana, alibaki mfanyabiashara. Naye Dighajanu, baba wa watoto aliyependa marashi na dhahabu, hakuambiwa atoroke. Aliambiwa afanye kazi kwa bidii, alinde mapato yake, achague marafiki wema na asitumie kuliko anachopata.

Yapo maswali magumu ya kuuliza. Matendo hufuataje maisha mengine kama hakuna nafsi inayosafiri? Wabudha wa kale wenyewe walilibishania hilo, hadi kundi moja lao, Wapudgalavada, wakatetea nadharia ya "mtu" ambayo wenzao waliipinga vikali. Mpinzani akianzia hapo, atakuwa anajibizana na Budha mwenyewe.