Makao ya askari ugenini yasipopimwa mapema, gharama yake ni damu

Kila serikali inapotangaza kwamba itatuma askari nje ya nchi, mjadala hutawaliwa na mambo mawili: idadi yao na silaha watakazobeba. Ni nadra kumsikia mbunge au mwananchi wa kawaida akiuliza watalala wapi, majeruhi wao watapasuliwa ndani ya jengo gani, na mafuta ya kuendesha jenereta zao yatapitia njia ipi. Ilhali maswali hayo, yanayodhaniwa kuwa ya watunza stoo, ndiyo huamua iwapo kikosi kitaondoka kwa wakati na iwapo kitarudi kikiwa kamili.

Kenya ilionja uzito wa jambo hili mnamo Mei 2024. Polisi waliokuwa wametayarishwa kwenda Haiti waliendelea kusubiri nyumbani, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba kambi yao karibu na uwanja wa ndege wa Port-au-Prince haikuwa tayari. Ndege za kijeshi za Marekani zilikuwa bado zikipeleka vifaa na wajenzi. Kundi la kwanza lilitua huko tarehe 25 Juni 2024.

Mataifa yenye majeshi makubwa yamehangaika na tatizo hili kwa miongo mingi, na suluhisho mojawapo walilolibuni ni nyumba inayosafiri ikiwa imekunjwa na kupanuliwa inapofika. Msomaji aliyewahi kuona kontena lililogeuzwa duka au kinyozi kando ya barabara hatapata taabu kulielewa jambo lenyewe. Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa mita 6 hivi na upana wa karibu mita 2.4. Hilo linatosha duka, lakini si chumba cha upasuaji. Wahandisi wakaunda kontena ambalo kuta zake huvutwa nje mfano wa mtoto wa meza. Likipanuliwa upande mmoja, nafasi hukaribia kuwa maradufu. Likipanuliwa pande zote mbili, hukaribia mara tatu. Sababu ya kukunja ni kwamba ndege ya mizigo aina ya C-130 ina nafasi ya upana wa mita 3 hivi tu, na lori nalo halina budi kupita barabarani.

Mambo hayo ni mepesi kuyasimulia kuliko kuyatenda. Kila kiungo kinachofunguka ni mlango wa maji na vumbi. Ukuta ukiwa mzito, askari wachache hawawezi kuusukuma. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, hauzuii joto wala baridi. Ardhi isipokuwa sawa, sakafu hupinda na kuta zikakataa kurudi mahali pake siku ya kuhama. Ndiyo maana vifaa vya aina hii hujaribiwa kwanza. Katika kituo cha utafiti cha jeshi la Marekani kilichoko Natick, jimbo la Massachusetts, kuna vyumba vya hali ya hewa vilivyoanza kutumika 1954. Ndani yake joto laweza kushushwa hadi nyuzi 57 chini ya sifuri au kupandishwa hadi nyuzi 74 za Selsiasi, pamoja na upepo na mvua ya kutengenezwa.

Hata hivyo, historia inatufunza kwamba kufaulu majaribio si sawa na kufaulu vitani. Mnamo 1966, Marekani ilipeleka Vietnam hospitali ya kuhamishika iliyojulikana kama MUST. Ilikuwa na vyumba vya upasuaji vya kupanuka, wodi za kujazwa hewa, na mtambo wa turbini uliotoa umeme, maji na hewa ya kupoza vyumba. Madaktari waliisifu kwa kuwa waliweza kupasua wagonjwa katika chumba safi chenye baridi katikati ya joto la tropiki. Lakini hospitali ya kwanza ya aina hiyo, iliyowekwa Tay Ninh, ilishambuliwa kwa makombora mnamo Novemba 1966, ikiwa bado inajengwa, na mkuu wake akauawa. Kadhalika, ilidhihirika kwamba vipande vya makombora vilitoboa kwa urahisi wodi zilizosimamishwa kwa hewa, na kwamba mitambo yake ilibugia mafuta kwa wingi. Hospitali iliyobuniwa ili iwe nyepesi kuhama ikawa imefungwa mahali pamoja na mahitaji yake yenyewe.

Suala hilo la mafuta ndilo kiini cha uchambuzi huu. Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, Marekani iliunda mfumo wa Force Provider, yaani kambi nzima inayopakiwa ndani ya makontena: mahema yenye viyoyozi, jikoni, bafu, vyoo na dobi. Askari walipata starehe, lakini hema ni kitambaa, na kupoza kitambaa jangwani ni kama kuteka maji kwa pakacha. Mafuta yalihitajika kila siku, na yalisafirishwa kwa malori katika barabara zilizotegwa mabomu. Utafiti wa jeshi hilo uliotolewa 2009, kwa kutumia takwimu za 2007, ulikadiria kwamba nchini Afghanistan mtu mmoja aliuawa au kujeruhiwa kwa kila misafara 24 ya mafuta.

Ni dhahiri basi kwamba ukuta usiozuia joto ulikuwa ukiwagharimu watu maisha yao mbali na kambi yenyewe. Mnamo 2011, jeshi hilo lilifungua maabara huko Fort Devens, pia Massachusetts, ambako kambi mbili za askari 150 kila moja ziliwekwa sambamba. Moja ilibaki na vifaa vya kawaida, nyingine ikapewa vifaa vipya, kisha matumizi ya mafuta na maji yakalinganishwa. Swali halikuwa tena hema husimama kwa dakika ngapi, bali linadai nini kila siku baada ya kusimama.

Swali hilo latuhusu. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na shambulio la El Adde la Januari 2016 lilithibitisha kwamba adui huilenga kambi yenyewe. Katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa, askari wakikaa ndani ya mahema kwa zaidi ya miezi 6 bila kupewa makao imara, nchi yao ina haki ya kufidiwa kwa mahema na kwa makao pia. Lakini ujumbe ulioongozwa na Kenya nchini Haiti haukuwa wa Umoja wa Mataifa, na ulitegemea michango ya hiari. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wapo watakaodai kwamba nyumba za aina hii ni anasa kwa nchi yenye madeni. Hoja hiyo ina uzito, kwani kontena la kupanuka ni ghali kuliko hema. Lakini bei ya hema haijumuishi mafuta, misafara wala majeruhi. Fauka ya hayo, nyumba hizo hazingekaa bure wakati wa amani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwafurusha maelfu ya Wakenya makwao, na zahanati inayobebwa na lori moja ingewafaa.

Serikali haina budi kuchukua hatua tatu. Kwanza, makubaliano yoyote ya kutuma kikosi yaeleze makao yatajengwa na nani na lini, kabla ya tarehe ya safari kutangazwa. Pili, vifaa tunavyonunua au kupewa vijaribiwe katika joto la Turkana na chumvi ya Lamu, si kuaminiwa kwa sababu vilifaulu kwingineko. Tatu, mafundi wetu, wakiwemo wale wanaokata na kuunga makontena kila siku, wapewe nafasi ya kuunda mifano itakayopimwa na jeshi lenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kambi iliyo ugenini, ukuta huo hujengwa adui akiwa tayari langoni.