Tusikilize Nini Wiki Hii? Wimbo Mpya Ni Mlango wa Mazungumzo

Katika vikundi vyetu vya likelemba tunasikia lalamiko moja kila mara: watoto wameziba masikio. Mtoto anarudi kutoka shule, anaweka ekuta masikioni, na mama anabaki kuzungumza na sufuria. Tumezoea kumwambia azime. Wiki hii tunashauri njia nyingine: tumuombe atusikilizishe.

Vijana wanapotaja muziki wa soul, wengi wetu tunafikiri ni mambo ya mbali. Neno lenyewe maana yake ni roho, na muziki huo ulitoka kanisani, kwa watu weusi wa Marekani. Aretha Franklin, aliyezaliwa mwaka 1942, alianza kuimba akiwa mtoto katika kanisa la baba yake, mchungaji wa mjini Detroit. Mwaka 1967 akatoa wimbo Respect, ambamo mwanamke anadai kuheshimiwa na mume wake. Sauti ile ilikomazwa mbele ya waumini, kama vile binti zetu wanavyojifunza katika kwaya zetu kila Jumapili.

Neno jingine ni indie. Huyo ni msanii anayejitegemea, hana kampuni kubwa nyuma yake. Analipa studio mwenyewe na kutangaza wimbo wake mwenyewe. Hao tunao hapa kwetu: kijana mwenye kompyuta moja na mikro moja katika chumba kidogo, anangoja umeme urudi ili amalize kurekodi.

Kwa kuanza, tumechagua watatu. Hata kama wimbo ulitoka miaka michache iliyopita, ukiwa haujafika masikioni mwako, kwako ni mpya.

Wa kwanza ni Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu. Anaimba kwa upole, gitaa mkononi, na Kiswahili ni moja ya lugha anazoimbia. Albamu yake Moko ilitoka mwaka 2021. Inafaa jioni, watoto wadogo wakikaribia kulala.

Wa pili ni Céline Banza, binti wa Congo yetu, ambaye alishinda zawadi ya Prix Découvertes ya RFI mwaka 2019. Anaimba kwa Kifaransa, kwa Lingala na kwa Kingbandi. Binti zetu walisikie hilo. Kama Kingbandi kimeshinda zawadi, Kinande kimekosa nini?

Wa tatu ni Sauti Sol wa Kenya. Watatu kati yao walikutana Upper Hill School, Nairobi, wakiimba pamoja bila vyombo, kisha mpiga gitaa akajiunga nao. Albamu yao Midnight Train ni ya mwaka 2020. Mwaka 2023 kundi lilitangaza kupumzika ili kila mmoja afanye kazi zake. Ila mama, sikiliza kwanza wewe mwenyewe: nyimbo zao zingine ni za watu wakubwa.

Kwa nini tunaandika habari ya nyimbo wakati shamba halifikiki na bei ya soko inapanda? Kwa sababu ya watoto wenyewe. Mauaji ya eneo la Beni yalianza Oktoba 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajajua maisha mengine. Amezika watu, amekimbia, amelala kwa jamaa. Ukimuuliza, “Una nini?”, atajibu, “Hakuna.” Lakini ukimuuliza, “Kwa nini unaupenda wimbo huu?”, pengine atakuambia maneno ambayo hakuwa na njia ya kuyasema. Muziki huu unasema uchungu bila kupiga kelele, na uchungu uliosemwa unapungua uzito.

Basi tufanye hivi. Siku ya mkutano wa kikundi, kila juma mama mmoja aje na wimbo mmoja aliochaguliwa na mtoto wake. Forfait ya intaneti ni bei, kwa hiyo simu moja na bafle moja zinatosha kwa kikundi kizima. Tusikilize mpaka mwisho bila kucheka wala kukemea. Kisha tuulize mambo matatu: Ni nani anaimba? Anasema nini? Mwanamke anatajwa kwa heshima ndani ya wimbo huo? Wimbo ukimtukana mwanamke, tumueleze mtoto sababu ya kuukataa. Kumnyang’anya simu hakumfundishi kitu. Ataenda kuusikiliza kwa jirani.

Tusiwasahau waimbaji wa mitaa yetu. Wimbo unaohamishwa kutoka kadi moja ya memori mpaka nyingine haumpi mwimbaji hata franka moja. Tunapotafuta mwimbaji wa harusi au wa sikukuu ya 8 Machi, tumuite kijana wa kwetu, na tumlipe siku ileile.

Na binti akisema anataka kuimba, tusiseme haraka kwamba amepotea. Tumuulize anaimbia wapi, na nani, na anarudi saa ngapi. Mara ya kwanza, twende naye.