Karte Haizai Mtu

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wa kampi na wa mji,

Kila siku tunasikia neno hili katika ofisi: huna karatasi, huna haki. Si neno jipya. Baba zetu waliambiwa vilevile, na tunataka kuonyesha kwa nini ni uongo.

Mwaka 1948 Bula Matari alileta karte ya mwenendo mwema, iliyoitwa carte du mérite civique. Mtu mweusi aliiomba, akachunguzwa. Mwaka 1952 ikaongezwa immatriculation, na hapo watu wa tume waliingia hata nyumbani, wakatazama jiko na choo, wakauliza kama mke na watoto wanakula mezani. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akaipata mwaka 1954. Mwenye karte hakupigwa fimbo tena. Asiye nayo aliendelea kulazwa chini. Sasa tunauliza: mgongo wa yule ulibadilika nini siku ya kupewa karte? Kama kumpiga ni vibaya leo, kulikuwa vibaya jana. Na kama ni vibaya kwake, ni vibaya kwa ndugu yake wa kampi asiyejua kusoma.

Mwaka uleule wa 1948, tarehe 10 Desemba, Ubelgiji ulipiga kura Paris kukubali Tangazo la Haki za Binadamu, ambalo tangu kifungu cha kwanza linasema watu wote huzaliwa huru na sawa. Huzaliwa! Halikusema hupewa. Mkono mmoja uliinuliwa Paris, mkono wa pili ulipima watu wetu kwa uma na sahani.

Wako wenye elimu wanaosema haki haipo mpaka Serikali iandike. Mwingereza Bentham aliita haki za asili upuuzi. Basi tumpeleke Bentham Élisabethville, Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi wakidai mshahara. Sheria haikuwapa ruhusa ya kugoma. Askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira, wakafa makumi ya watu. Kama haki ni ile iliyoandikwa tu, siku ile hakuna aliyedhulumiwa. Nani kati yenu anakubali hayo?

Wengine wanatuambia kwamba hayo ni mafundisho ya Wazungu. Wasikilize lugha yao ya nyumbani. Mtu si kitu, na hakuna chifu aliyeandika amri ili mtu awe mtu. Wazungu nao walijua. Padri Francisco de Vitoria alifundisha Salamanca, mwaka 1539, kwamba watu wa Amerika walikuwa wenye nchi yao kabla ya Wahispania kufika, na kutobatizwa hakukuwaondolea mali. (Baadaye alitafuta sababu nyingine za kuhalalisha vita, hapo hatuko naye.) Lakini tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Léopold II ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni yake. Shamba lililopumzishwa likaitwa tupu. Pori la kuwindia likaitwa tupu.

Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliziondolea kompani za kikoloni ardhi hiyo, na ilifanya vema. Ila sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali peke yake. Serikali sasa ni yetu, lakini wazo ni lilelile la 1885: mwanakijiji amekaa kwa ruhusa.

Tena Kodi ya Migodi ya mwaka 2002 inamtaka mchimbaji wa mkono awe na karte na achimbe katika eneo lililowekwa. Hatupingi karte. Kuhesabu wachimbaji na kuzuia mashimo yasiwafukie ni kazi ya Serikali. Tunapinga pale askari anapomwona kijana asiye na karte kama kitu, wa kupigwa, kunyang'anywa gunia na kutupwa boloko bila hakimu. Hapo fimbo ya zamani imerudi, na mshikaji ni mtoto wetu.

Kwa hiyo tunawadai wakubwa wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi: asiye na karte apelekwe mbele ya hakimu, asiguswe mwili. Wenyeji wa mahali waulizwe kabla kompani haijapewa kilima chao, si baada ya tingatinga kufika. Na mashamba yaliyokwisha kuchimbwa yalipwe, hata kama mwenye shamba hakuwa na karatasi hata moja.