Wanafunzi wa udaktari si wa kupanga viti tu

Wandugu, munajua vile inakuwaka. Wanafunzi wa udaktari wanatayarisha mukutano wa upasuaji: wanatafuta ukumbi, wanaandikia wageni, wanachanga franga zao wenyewe, usiku wanajaribu mikro. Asubuhi wakubwa wanafika, wanakaa mbele, wanasema saa mbili, wanapiga picha. Wanafunzi wanabakia kufagia.

Tunasema hapana. Mutandao wa wanafunzi InciSioN ulifanya mukutano wake Kigali mwaka 2019, na ni wanafunzi wenyewe walioongoza. Kigali si mbali.

Tena wako na la kusema. Tume ya jarida Lancet ilionyesha mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama kwa bei wanayoweza. Iliomba nchi zifikishe wapasuaji, waganga wa usingizi na wa uzazi 20 kwa kila watu 100,000. Mwanafunzi wa staji hiyo shida anaijua bila kitabu. Ni yeye anashikaka tochi ya simu wakati umeme unakatika. Ni yeye anaonaka mama aliyepasuliwa vizuri akizuiliwa hospitali sababu ya fakture. (Hiyo ya fakture, wakubwa hawaipendi kwenye programu.)

Basi wanafunzi, saa ya kwanza ya mukutano iwe yenu, hotuba zingoje. Mualike mama aliyezuiliwa, kama anakubali, aseme. Mualike waziri wa afya wa jimbo pia, na musimupe mikro mbele ya kusikiliza.