Chagua Mpira na Kidole Gumba, Si na Kiburi

Nitasema hii kitu mara moja, na mwenye kukasirika akasirike: wasee wengi Nairobi wanaocheza bolingi wanachagua mpira na mdomo. Si mkono, si kidole, ni mdomo. Msee anafika kwa rafu, anaangalia kama genge lake linamwona, anabeba ule mzito kuliko yote, halafu anatangaza, "Mimi natumia pauni 15." Dakika kumi baadaye mpira uko kwa mtaro, yeye anajikanda kifundo cha mkono, na lawama zote zinaenda kwa leni. Ati imejaa mafuta. Ati inavuta kushoto.

Leni haina shida na wewe, bana. Umeshika kitu ambacho hakikutoshi.

Msimamo wangu ni huu. Kitu cha kwanza kitakachoinua mchezo wako si nguvu, si mpira wa bei kali, na si zile glavu za kuringa nazo. Ni mpira uliokaa vizuri kwa mkono wako. Mpira kama huo unatoka mkononi vile vile kila mara, na bolingi yote ni kurudia kitu kimoja bila kubahatisha.

Tuanze na hesabu. Mchezo mmoja una fremu 10, na kila fremu unapewa nafasi mbili za kuangusha pini 10. Chukua msee anayeangusha pini 9 kila fremu, halafu ile moja iliyobaki anaikosa. Anamaliza na pointi 90. Sasa chukua mwenzake, ambaye pia hana straiki hata moja. Anaangusha 9 vile vile, lakini ile moja iliyobaki anaimaliza kila mara. Hiyo ni spea, na spea inakupa 10 pamoja na pini utakazoangusha kwa mpira unaofuata. Huyu anamaliza na 190.

Tofauti ya pointi 100, na hakuna aliyepiga straiki. Yote imetoka kwa pini moja iliyosimama pekee yake mita 18 mbele yako, na tumbo lake lina upana wa sentimita 12 hivi. Kuipata hiyo pini hakuhitaji nguvu za mjengo. Kunahitaji mkono unaojua mpira utatoka saa ngapi.

Najua jibu linalokuja: mpira mzito unaangusha zaidi. Kuna ukweli hapo na siukatai. Mpira mwepesi sana ukigonga pini unayumba na kupoteza njia, ndiyo maana mtu mzima anayejua mchezo hawezi kutumia pauni 6. Lakini kwenye straiki safi ya mtu wa mkono wa kulia, mpira wenyewe unagusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Hizo zingine sita zinaangushwa na pini wenzake. Straiki ni kama udaku, unaambia watu wanne wanaofaa na mtaa wote unawaka. Ukiambia wasiofaa, hata upige kelele namna gani, kuna nyumba zitabaki zimelala.

Na kama bado unaringia uzito, jua hivi. Sheria inaruhusu mpira wa hadi pauni 16, karibu kilo 7.26, na bado wachezaji wengi wa kulipwa siku hizi wanatumia pauni 15. Hao ni watu ambao mchezo ndio mboka yao. Kama wao wamepunguza, wewe unamwonyesha nani? Tena mipira hiyo ina ukubwa karibu sawa, iwe ya pauni 8 ama 16. Kwa picha hakuna mtu atajua.

Sasa unachaguaje? Kuna vitu vitatu, na havikugharimu hata shilingi.

Kwanza, uzito. Kuna kanuni inayotajwa sana kwamba mpira uwe asilimia 10 ya uzito wako. Ukiwa na kilo 60, hiyo ni kilo 6, yaani pauni 13. Ichukue kama mahali pa kuanzia, si amri, na kama ndio unaanza mchezo, shuka pauni mbili tatu. Halafu ujaribu. Simama wima, shika mpira, uache mkono uning'inie na ubembee mbele na nyuma kama pendulamu. Bega likivutwa chini, ama ukijikuta unaukaba mpira ili usikuponyoke, rudisha. Hakuna aibu kurudisha. Aibu ni kuudondosha mguuni.

Pili, kidole gumba. Hiki ndicho bosi. Kiingize chote hadi mwisho, ukizungushe. Kinafaa kugusa ukuta wa tundu bila kubanwa, na kitoke bila kuvutwa. Tundu likiwa kubwa, utalazimika kufinya mpira usianguke. Ukifinya, misuli inakaza, mkono unaacha kubembea kwa mstari, na mpira unatoka wakati wake wenyewe: leo mapema, kesho umechelewa. Tundu likiwa dogo, gumba linakwama, mpira unapaa kidogo na kutua kwa leni na kishindo, na ukumbi wote unageuka kukuangalia. Yale malengelenge na sugu unazoonyesha watu kama medali mara nyingi ni tundu linakuambia hamwelewani.

Tatu, umbali kati ya matundu. Gumba likiwa ndani, laza kiganja juu ya mpira, na kidole cha kati na cha pete vipite juu ya matundu yao bila kuingia. Angalia mstari wa kiungo cha pili, ukihesabu kutoka kwa ncha ya kidole. Unafaa kufika pale ukingo wa tundu ulio karibu na gumba, ama kuupita kidogo tu. Usipofika, mpira ni mpana kwako na utavuta mishipa ya kiganja bure. Ukiupita kwa mbali, mpira ni mwembamba kwako na utarudi kulekule kwa kufinya.

Hizo zote ni dakika tatu. Watu wanatumia zaidi ya hapo kuchagua filta.

Lakini sitawalaumu wachezaji peke yao, kwa sababu hapa nina kesi na wenye kumbi. Ile mipira ya ukumbi ina mpangilio mmoja karibu kila mahali: mwepesi una matundu madogo, mzito una matundu makubwa. Wazo ni kwamba mtu mwenye nguvu ana vidole vinene, na mwenye vidole vyembamba hana nguvu. Nani alisema?

Fikiria dame mwenye mabega ya mchezaji wa voliboli na vidole vyembamba. Mkono wake unaweza pauni 12 bila stori. Lakini matundu ya pauni 12 yanameza gumba lake, kwa hivyo anaishia na pauni 8, mpira unasukumwa na pini, na machali nyuma yake wanacheka. Upande wa pili kuna jamaa mwembamba mwenye vidole kama ndizi za mkono wa tembo. Pauni 10 ingemfaa kabisa, lakini gumba haliingii, kwa hivyo anabeba 15 na jioni hawezi kufungua mlango. Huyo pengine hana kiburi hata kidogo. Tundu ndilo limemchagulia. Halafu sisi tunakaa pale na chipsi tukisema dame hajui mchezo na jamaa ni dhaifu, na kumbe wote wawili wamenyimwa kifaa.

Kwa kaunta wanatuuliza saizi ya kiatu. Mbona hakuna anayetuuliza saizi ya kidole? Si lazima wanunue mipira mia. Mipira michache ya uzito wa kati, pauni 10 hadi 12, yenye matundu ya saizi tofauti zilizoandikwa waziwazi, na mhudumu mmoja anayejua kupima mkono, ingetosha. Mteja anayecheza vizuri anarudi. Mteja anayeenda nyumbani na gumba limefura anaambia watu wake bolingi ni ya watoto wa matajiri.

Sasa tuseme umeshapenda mchezo na una doo kidogo umeweka. Usikimbilie mpira. Anza na viatu. Vile vya kukodisha vina soli inayoteleza miguu yote miwili, kwa sababu lazima vimfae kila mtu, wa kulia na wa kushoto. Kiatu kizuri cha bolingi si lazima kifanane. Kwa mtu wa mkono wa kulia, soli ya kushoto inateleza kwa hatua ya mwisho, na ya kulia inashika sakafu ili ujisukume. Kwa wa kushoto ni kinyume. Hatua yako ya mwisho ikiwa ile ile kila mara, mkono nao unatulia. Usivae hivyo viatu ukienda chooni ama kwa meza ya soda. Soli ikiloa inagoma kuteleza, na ukigoma wakati mwili unaenda mbele, kitakachoanguka si pini.

Baada ya viatu ndiyo tuongee mpira wako mwenyewe. Mpira mpya huuzwa bila matundu, halafu unatobolewa kulingana na mkono wako. Huko kutobolewa ndiko unakolipia, hata kama rangi ndiyo imekuvutia. Ile mipira ya bei kali imefunikwa na resini inayong'ang'ania ubao, kwa hivyo inapita kwa mafuta ya mwanzo wa leni, ikifika kule mwisho kukavu inakata kona. Ni tamu kuangalia. Lakini kama bado hujui gumba lako linatoka saa ngapi, hiyo kona itakupeleka mtaroni kwa madoido. Mpira wa plastiki wa kawaida unaenda moja kwa moja, na hata wachezaji wakubwa hubeba mmoja wa kumalizia spea. Ukitobolewa vizuri, utakupa pointi nyingi kuliko resini yenye matundu ya kubahatisha.

Kuna pia soko la mitumba, na sisi Wakenya hapo ndipo kwetu. Sawa, lakini suruali ya mitumba ikikuzidi fundi anakata. Mpira wa mitumba una matundu ya mkono wa mtu mwingine, na ili uwe wako lazima yazibwe na kutobolewa upya. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua mipira ya bolingi, si yule wa kutoboa mlango wa kitasa. Kabla hujatuma pesa, uliza nani atakutobolea na atakutoza ngapi. Kama jibu ni "tutaona," weka simu mfukoni. Na tafadhali msichange kama chama mnunue mpira mmoja wa genge. Mpira uliopimwa ni wa mkono mmoja. Hao wengine watakuwa wamechangia mchezo wa mwenzao.

Najua kuna mjuaji ataniletea Jason Belmonte, yule Mwaustralia anayerusha kwa mikono miwili bila kuingiza gumba. Ati kama bingwa mkubwa hivyo hatumii gumba, mbona sisi tusumbuke? Kwanza, vile vidole vyake viwili bado vinaingia kwa matundu yaliyopimwa. Pili, uliza ule mtindo ulitoka wapi. Wazazi wake walikuwa na ukumbi wa bolingi, alianza akiwa mtoto mdogo sana, na mpira ulikuwa mzito kupita mkono mmoja. Akatumia miwili. Yaani mtindo maarufu zaidi wa kizazi hiki ulianza na mtu ambaye uzito ulimzidi, akatafuta njia ya kuubeba badala ya kujifanya. Sasa mfuate kwa hilo pia.

Hii kitu inaniuma kwa sababu kwa vijana wengi, bolingi ni mara moja kwa mwaka, siku ya bathidei ya mtu, huko Village Market ama kwingine, na nauli juu. Unalipia mchezo, unakodisha viatu, unapewa mpira usiokufaa, unachekwa, unaenda nyumbani ukisema "hii si yangu." Na pengine ilikuwa yako kabisa. Pengine ulihitaji tu pauni mbili chini na tundu la saizi yako. Watu wanaacha vitu vingi hivyo, wakidhani hawana kipaji, na kumbe ni kifaa.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya mpira wa kwanza, tembea rafu yote. Ingiza gumba, zungusha, pima vidole, bembeza, rudisha, jaribu mwingine. Wacha wakungoje. Na msee akikuuliza mbona mtu mzima amebeba pauni 10, usibishane naye. Mwambie asubiri fremu ya kumi, halafu msome ubao pamoja.