Vilio Vinavyopewa Vikombe

Kila shule zetu zinapojiandaa kushindana katika uigizaji, walimu hutujia na ombi lile lile: wapatiwe kipande cha nathari chenye mwanamke shujaa. Ombi ni jema. Lakini vipande vinavyofika jukwaani aghalabu si vya mashujaa, ni vya waliaji. Msichana huingia amejitanda kanga, hupigwa na mtu asiyeonekana, huanguka, hulia hata sauti ikamkauka, kisha hutoka. Waamuzi humpa alama za juu. Nasi tuliopata kuketi katika meza hiyo twakiri kwamba tulizitoa alama hizo kwa mikono yetu wenyewe.

Chukueni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Ukurasa upendwao na walimu ni upi? Ni ule wa Zakaria kumpiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Siku moja tulishuhudia ukumbi mzima ukiangua kicheko wakati msichana akiigiza kipigo hicho, maana kila fimbo aliipokea kwa ukelele wa namna yake. Na kikombe kikaenda shuleni kwake. Aliyefedheheka pale ni nani? Hakika si Zakaria. Katika kitabu, kipigo kile ni shtaka juu ya baba, na matokeo yake yanamwandama Rosa hata mwisho wa maisha yake. Ukurasa ukikatwa na kusimamishwa peke yake, mshtakiwa hayumo jukwaani. Inabaki miguno ya mtoto wa watu.

Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, naye hutendewa vivyo hivyo. Walimu humtaka akiwa baa, kwa kuwa ulevi huchekesha. Saa ile anapoamua kuikimbia nyumba ya babake, Bwana Maksuudi, alimofungiwa kama mwari asiye na siku ya kutolewa, hawaitaki, ati haina vitendo. Haina vitendo! Binti asiyejua njia za mji anakata shauri kutoka, na mwalimu haoni kitendo.

Wako watakaotujibu kwamba basi na tuchague wanawake washindao tu, wenye hotuba ndefu na ngumi hewani. La hasha. Hao nao tumewachoka. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, tamthilia iliyotoka mwaka 1982, wanawake wa Patata, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo na wanashindwa, kwani kila mmoja anavutwa na lake. Hakuna malaika kati yao. Hata hivyo kila mmoja ana neno la kusema na sababu ya kulisema, na msichana anayemwigiza mmojawapo hana budi kuitafuta sababu hiyo kabla ya kufumbua kinywa. Hiyo ndiyo kazi ya mwigizaji.

Tena kuna hazina ambayo hatuigusi. Shaaban Robert alituachia Wasifu wa Siti binti Saad. Twaambiwa kwamba wasifu si mchezo. Lakini binti wa Fumba, muuza vyungu, aliyeingia mjini Unguja bila jina, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri: kama huo si mchezo, mchezo ni upi? Pana njia panda ngapi hapo za kusimamisha msichana wa kidato cha tatu, amenyamaza, mzigo kichwani, akiwaza aendelee au arudi? Mwalimu atalazimika kukaa na kitabu jioni kadhaa, achague, apunguze, asikilize. Kulia hufundishwa kwa siku moja. Pengine ndiyo sababu kunapendwa.

Kwa hiyo twawaomba wanaotunga kanuni za mashindano waweke sharti moja katika karatasi ya waamuzi: kila kipande kitajwe ni uamuzi gani mwanamke yule anaufanya mbele ya watazamaji. Kisipokuwa nao, kisipewe alama za uteuzi, hata kama ukumbi wote umetoa leso. Na wavulana wanaovishwa makalio ya matambara ili waitwe mama wa kijijini, hao waondolewe jukwaani mwaka huu huu.